Filtre ya hewa ya koni mu Subaru yangu, dola 140 za makelele (uzoefu wangu, Lubumbashi)

Nilisema ntaandika hii kitu tangu mwezi wa sita nikawa naahirisha, leo mvua inanyesha, umeme umeenda, simu iko na chaji, basi acha niimalize.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, 2.0 turbo, usukani kushoto, ilitoka Bulaya, kiwandani banaiandikia nguvu ya farasi 225. Sasa hizo farasi banazihesabia kwenye hewa nzito ya kule chini karibu na bahari, sisi hapa Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu na hewa iko nyepesi, turbo inasaidia kufidia lakini haifidii yote, njo maana kila mwenye gari ya mbio hapa anatafuta pumzi. Mi pia nilikuwa naitafuta. Ukikanyaga mu vitesi (gia) ya tatu gari inafikiria mbele, kisha njo inaenda.

Kuna kijana mumoja anaagizaga piesi za gari toka Dubai, akanitumia picha ku WhatsApp: bomba ya aluminiyumu ya milimeta 76, filtre ya koni nyekundu, ile ya pamba yenye kupakwa mafuta, dirite (mipira ya kuunganisha bomba) za silikoni na kolie nne za kuzikaza. Jina la kampuni sitaandika, na hata ningetaka, ku boksi hakukuwa jina, kulikuwa tu picha ya moto. "Yaya, hapo unaongeza farasi 20 siku ile ile." Farasi 20 kwa dola 140, nani angekataa? Nikalipa.

Kufunga tulifungia kwa muzee mumoja mwenye garaji kule Kampemba. Alikataa mbele. "Mwanangu, hii boksi ya filtre batu balikaa miaka banaichora, weye unaitoa juu ya picha ya WhatsApp?" Nikamwambia papa, funga tu. Akafunga, masaa mawili, akachukua dola 20, boksi ya zamani akaniwekea mu mfuko na kuifungia ndani ya kofa, nyuma ya gari, yeye mwenyewe juu alijua ningeiacha pale pale.

Sauti, kusema ya kweli, ni tamu. Ukiachilia mafuta turbo inatoa ule mushindo wa pshiiii, batoto ba Kenya (Kenya yetu ya hapa, si ya Nairobi) banakimbia nyuma ya gari. Wiki ya kwanza ningeapa ku msalaba kwamba gari imekuwa na nguvu. Kumbe sikio njo lilikuwa linakimbia.

Siku ya sita vwaya (taa ya onyo) ya motere ikawaka. Nikanunua kale kadude ka bluetooth ka kusoma makosa ya gari, ka kuchomeka chini ya usukani, dola 15, na ningekanunua mbele ya yote, hilo kosa ni langu, sikupima kitu kabla ya kufunga. Kodi ikatoka P0171, maana yake hewa mingi, esansi kidogo. Nikaangalia masahihisho ya esansi, kalkilatere (kompyuta ya gari) ilikuwa inaongeza 21% ili motere isikauke. 21! Motere yenye afya inakaa karibu na 0, tano juu, tano chini.

Muzee akanieleza, na hapa ntakaa kidogo juu batu bengi banakosea hapa. Mu hii Subaru kuna debimetre, kawaya kamoja kembamba kenye joto ndani ya bomba, hewa ikipita inakapoza na kalkilatere inajua hewa ngapi inaingia, kisha inamwaga esansi ya kutosha. Lakini kale kawaya kanaona sehemu kidogo tu ya hewa, ile ingine kalkilatere inaikisia kwa sababu inajua upana wa bomba ya kiwanda. Weye unamletea bomba pana zaidi, hewa ile ile inapita polepole mbele ya kawaya, kalkilatere inasema aa, hewa ni kidogo, inapunguza esansi. Ukienda polepole inajisahihisha, ndio ile 21. Ukikanyaga mpaka chini haiko na muda wa kujisahihisha, moto unawaka mbele ya saa yake, motere inaanza kugongagonga, na motere ya turbo ikigonga vile mu muda mrefu pistoni zinapasuka. Kwa hiyo bomba ya upana ingine bila kuandika upya programu ya kalkilatere si kuongeza nguvu. Na hapa mujini sijapata mutu mwenye kuandika programu ya Subaru ambaye ningemwachia ufunguo.

Nikauliza tena joto, juu kale kadude kanaonyesha joto ya hewa yenye kuingia. Filtre ya koni inakaa wazi chini ya kapo (kifuniko cha motere), pembeni ya motere, inavuta hewa gani? Ya jikoni. Kwenye foleni ya kuingia mujini, saa sita, inje kulikuwa digri 29, kwenye filtre nilisoma 58. Kila digri 3 za joto zinakula karibu 1% ya hewa, hesabu mwenyewe. Ukikimbia inashuka, ndiyo, lakini sisi tunakimbia saa ngapi mu Lubumbashi? Na hiyo yote ni kwa kudai pumzi, si kwa kuonyesha batoto.

Kisha vumbi. Batu ba Ulaya banaandika uzoefu wabo hawajui vumbi. Njoo ku barabara ya Kasumbalesa mwezi wa nane, kamyoni za kopa (shaba) mbele yako tano, sita, zote zinapita pembeni ya lami, hauoni hata pua ya gari yako. Motere ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza karibu lita 6,000 za hewa kwa dakika, na hiyo bila kuhesabu turbo kuisukuma. Hata punje kidogo tu zikipita, zinapita mingi. Mwisho wa mwezi wa nane nilitoa dirite kabla ya turbo nikapangusa ndani na kitambaa nyeupe cha bibi yangu (hajui mpaka leo). Kilitoka chekundu. Vumbi ile ni musasa, inakula mapanga ya turbo, kisha inashuka ku segima (pete) za pistoni, na siku utaona moshi ya bluu utasema esansi ni mbaya.

Jambo ingine la zile filtre za pamba: ukizisafisha unapaka mafuta tena, ukizidisha mafuta yanaruka mpaka ku kale kawaya ka debimetre na kanapofuka. Debimetre yangu tuliisafisha na spré yake maalumu, hapana na esansi, hapana na kidole, hapana na mswaki kama nilivyoona mumoja akifanya, na tukaiacha ikauke vizuri mbele ya kuwasha.

Sasa zamu ya muzee kunicheka. Tukarudisha boksi ya kiwanda mwezi wa tisa, nikategemea vwaya itazimika. Ikarudi kisha siku tatu. Masahihisho ya esansi yalikuwa ku 12%. Akapitisha moshi ndani ya dirite ili aone mahali inavuja, kumbe moshi inatoka chini ya manifoldi (bomba za kugawa hewa ku motere), dirite kubwa yenye kuingiza hewa ku turbo imepasuka, inafichika pale mahali hauwezi kuiona bila kufungua nusu ya motere. Pengine ilipasuka mbele ya mi kununua gari. Basi lazima niseme ukweli, ile vumbi ya ku kitambaa siwezi kuibebesha filtre ya koni yote, ingine ilipitia mu ule mupasuko. Na tena boksi yangu ilikuwa inakosa kipande cha mbele, ile plastiki ya kuvuta hewa baridi toka ku kalandre (wavu wa mbele ya gari), mwenye gari wa kwanza aliitoa sijui kwa nini. Miezi yote gari ilikuwa inaomba dirite na plastiki, mi nikainunulia chuma ya kung'aa.

Dirite ya silikoni yenye umbo ya ile ya kiwanda, dola 60 na siku nzima ya kazi juu lazima manifoldi itoke. Plastiki nilipata kwa kijana mwenye kubomoa Forester (Subaru ingine), dola 25, ilibidi kuikata kidogo. Filtre mupya ya karatasi dola 12.

Ili nisijidanganye tena na sikio nilipima. Barabara ya Likasi, siku ya Mungu saa kumi na moja na nusu asubuhi mbele ya kamyoni kuamka, vitesi ya tatu, toka 60 mpaka 120, shemeji akishika saa. Boksi ya kiwanda na dirite yenye kupasuka: sekonde 7.8, 7.9. Kisha kurekebisha yote: 7.2, 7.3, 7.2. Wiki iliyofuata nikarudisha koni tena, shemeji akasema shemeji uko mugonjwa, lakini nilitaka kujua: 7.4, 7.5, na masahihisho yakapanda 13, na hiyo ni asubuhi ya baridi. Nikarudia saa saba mchana na koni, kisha kusimama mu foleni ya peaji (pa kulipia barabara): 8.1.

Mvua imeanza sasa. Baleta piesi banauza tena zile bomba ndefu, filtre inashuka mpaka nyuma ya pare-shoki (bampa) kutafuta hewa baridi. Hewa baridi itakuwa, ndiyo, lakini pitisha ile kitu mu maji ya barabara ya Kipushi uone. Maji haikandamizwi kama hewa, bieli (mukono wa pistoni) inapinda pale pale.

Kwa hiyo nyota: kit ninaipa 2 kwa 5, moja ya sauti, moja ya kolie. Mwenye gari ya show, ya kutembeza pole pole na kuegesha mbele ya baa, atafurahi nayo, sitamuhukumu. Muzee wa garaji ninampa 5, ningempa 6 kama angeacha kuhadithia hii habari kwa kila mutu anaingia pale.

Bomba na koni viko chini ya kitanda, mwenye kuvitaka alete dola 50. Kolie zinabaki, niliziweka ku dirite za maji.