Jeli ya alovera ya Mbuyuni: lebo inasema inatibu soriasisi, tuone

Mambo vipi wapendwa, leo niko na hii jeli ya alovera inayouzwa sana hapa Moshi, ukipita soko la Mbuyuni unaikuta kwenye meza kibao, na wengi mmeniuliza kama kweli inatibu, maana oneni lebo, chunusi, fangasi, pumu ya ngozi, soriasisi, makovu, yani imebaki kuandika inarudisha mume tu.

Tuanze na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoa mabaka yenye magamba, manake hiyo inatesa watu. Kuna utafiti wa Pakistan wa 1996, wagonjwa 60, nusu wakapewa krimu yenye alovera nusu krimu tupu, upande wa alovera wakapona 25, upande wa pili 2 tu. Ukiishia hapo unanunua katoni. Ila 2005 wakaja watu wa Denmark na wagonjwa 41, kila mtu anapaka jeli ya alovera upande mmoja wa mwili, upande mwingine jeli isiyo na kitu, na hawaambiwi ipi ni ipi, alafu ule upande wa jeli tupu ndo ukapata nafuu zaidi kidogo! Sasa ya Pakistan utaisikia kila kona, ya Denmark kimyaaa.

Kwenye kuungua hapo kidogo ina heshima. 2007 walijumlisha tafiti 4, watu 371, waliopaka alovera wakapona mapema kwa kama siku 9 hivi, japo tafiti zenyewe zilikuwa ndogondogo na kila moja na alovera ya namna yake. Na ukiungua ni maji ya bomba kwanza dakika 20, dawa ya meno achaneni nayo jamani.

Haya tuje kwenye chupa. Huu ukijani ni rangi wameweka, ute wa alovera hauna rangi. Viambato, maji, gliserini, ndo alovera inafuata, alafu pafyumu, na mwenye pumu ya ngozi hiyo pafyumu inaweza kumwasha. Ila hainati, na baridi hii ya Julai uso unapopauka inalainisha vizuri tu.

Ukikata jani la nyumbani, ule utomvu wa njano uache uchuruzike wote, unawasha.

Fangasi tafuta klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka. Soriasisi nenda hospitali ya KCMC, pale kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na kipo hapahapa mjini. Jeli chukua chupa ndogo.