Valgrind: uzoefu wangu wa kusaka kumbukumbu inayovuja

Programu ninayoitunza imeandikwa kwa lugha ya C na wenzangu walionitangulia kazini. Inapokea vipimo vya mita za maji usiku na mchana, na haitakiwi kuzimika. Tatizo lake lilikuwa kunenepa. Kila ikipita muda inakula kumbukumbu zaidi, mpaka kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaiua ili kuinusuru seva. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kuiwasha upya. Mimi nilitaka kujua inavujia wapi, ndipo nikaanza kuitumia Valgrind, zana inayoichunguza programu ikiwa inaendeshwa ili kubaini makosa ya kumbukumbu.

Nilichokipenda mapema ni kwamba hukompaili upya chochote, yaani huhitaji kuutafsiri tena msimbo kuwa programu. Unaandika valgrind --leak-check=full mbele ya amri yako, basi. Zana yake kuu, Memcheck, inaiendesha programu kwenye prosesa ya kuigiza: kila baiti ina alama inayosema kama inaruhusiwa kuguswa, na kila biti ina alama inayosema kama imeshapewa thamani. Malloc, inayoomba kumbukumbu, na free, inayoirudisha, nazo zinapitia kwake. Programu ikimaliza, unapewa hesabu ya vipande visivyorudishwa, ikitenganisha vilivyopotea kabisa na vile ambavyo bado kuna pointa (anwani iliyohifadhiwa kwenye programu) inayovifikia. Kama ulikompaili kwa -g, inayobakiza taarifa za msimbo ndani ya programu, inakutajia faili, mstari, na funksheni zilizoitana hadi kufika pale.

Kwetu ilionyesha funksheni inayosoma ujumbe wa mita. Inaomba nafasi, na mtandao ukikatika katikati inarudi kabla ya kufika kwenye free. Lakini ilibidi kwanza niandike jaribio linalokata mtandao makusudi, kwa sababu Valgrind huona njia zilizopitwa tu. Tawi ambalo halikutekelezwa halimo kwenye ripoti, hata liwe linavuja namna gani.

Ni nzito, hilo lazima useme. Mwongozo wake wenyewe unataja kupungua kwa kasi mara 10 hadi 50, na programu yenye nyuzi nyingi (kazi zinazoenda sambamba ndani yake) inaendeshwa uzi mmoja mmoja. Pia Memcheck haikamati kuvuka mipaka ya safu zilizo kwenye staki, eneo la kumbukumbu la data za muda za funksheni. Kwa hilo natumia AddressSanitizer, kikagua kumbukumbu kinachoingizwa wakati wa kukompaili, ambayo inapunguza kasi karibu mara 2 tu, ila inadai ukompaili upya. Electric Fence, zana nyingine ya kukamata makosa ya kumbukumbu, ya Bruce Perens, ya mwaka 1987, niliijaribu pia: inasimamisha programu palepale kosa linapotokea, lakini kila ombi dogo linapewa kurasa zake (vipande vikubwa vya kumbukumbu) peke yake, na kumbukumbu inaisha upesi.

Kinachohitaji akili zaidi ni faili la kunyamazisha maonyo. Maktaba nyingi (msimbo wa wengine unaotumiwa na programu yako) hutoa maonyo yasiyo na madhara, na Valgrind inakuruhusu kuyaficha. Naiogopa ruhusa hiyo. Mwaka 2006, kwenye kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, cha mfumo wa Debian, mistari miwili iliondolewa ili kunyamazisha maonyo ya aina hii kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani. Mmoja wao ndio uliokuwa ukiingiza unasibu wenyewe kwenye kitengeneza namba za nasibu, ambazo funguo za siri hutokana nazo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, kwa hiyo funguo zilizowezekana kwa kila aina na ukubwa zilikuwa 32,768 tu. Iligunduliwa Mei 2008, na watu wakalazimika kutengeneza upya funguo za SSH (za kuingia kwenye seva kwa usalama) na vyeti. Valgrind ilikuwa imesema kweli: thamani ile haikuwa imewekwa. Swali lilikuwa kama hilo ni kosa, na swali hilo zana haiwezi kukujibia.

Ndiyo maana kwenye mradi wetu kila onyo lililofichwa lina maelezo juu yake: linatoka maktaba gani, toleo gani, na kwa nini halidhuru. Maktaba ikipanda toleo, tunaondoa ufichaji huo na kupima tena. Kabla ya kuficha onyo natumia --track-origins=yes, inayoonyesha thamani isiyowekwa ilizaliwa wapi; inaongeza uzito, lakini imeniokolea kubahatisha kwingi.

Kwa anayeanza kwenye Debian: sakinisha libc6-dbg (taarifa za utatuzi za maktaba kuu ya C) pamoja nayo, la sivyo huenda ikakataa kuanza kabisa. Usiitegemee kwenye Windows, haipo. Na kwenye majaribio yanayojiendesha weka --error-exitcode=1 pamoja na --leak-check=full, ili programu irudishe alama ya kushindwa na mvujo mpya uzuie msimbo kuunganishwa badala ya kuishia kwenye logi isiyosomwa na mtu.