Filta ya oili: bora Sakura ya kweli kuliko Toyota ya mashaka

Wakuu, kila nikipita Kariakoo nakuta mtu anabishania bei ya filta ya oili kama fungu la nyanya, wakati galoni ya oili sinthetiki kainunua bila hata kuuliza. Hapa naongelea injini ya 1NZ, ya IST, Vitz, Probox na ndugu zao, maana ndo ninayo.

Nikizipanga kwa ubora, namba moja ni orijino ya Toyota, 90915-10003, ila uwe na uhakika na duka. Kama huna uhakika basi hiyo hiyo inashuka mpaka mkiani kabisa, chini hata ya zile za boksi lisilo na jina, maana kule angalau hela iliyokutoka ni ndogo. Mimi nishapigwa. Boksi safi, stika inang'aa, baada ya sevisi gari ikaanza kugonga kila asubuhi, kakakaka sekunde mbili tatu ndo inatulia. Tukaitoa hiyo filta na fundi tukaipasua kwa msumeno wa chuma, ndani mikunjo ya karatasi imejazana upande mmoja, upande wa pili kidole kinapita, gundi ya kwenye mshono imeachia, na ule mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) ukizima gari umekakamaa kama kizibo cha soda. Sasa filta inalala tupu usiku kucha, asubuhi pampu inaanza kujaza filta kwanza ndo injini ipate, haitagonga vipi?

Namba mbili naweka Denso na VIC, za Wajapani, ukizipata za kweli huna cha kujutia. Namba tatu Sakura ya Indonesia, na hii ndo nafunga mimi siku hizi, namwaga oili kila kilomita 5,000 na sijaona tofauti ya kunifanya niongeze hela. Namba nne zisizo na jina, hizo ni za kukwama njiani tu, ukifika mjini toa.

Ukiwa dukani usiishie kwenye boksi, itoe. Chungulia kwenye vile vitundu vidogo uone mpira, ubonyeze kidogo kwa njiti safi, unatakiwa ulegee na kurudi. Nyuzi za katikati, zile za kufungia kama za skrubu, ziwe safi bila vumbi la chuma, raba ya nje ikae kwenye mfereji wake bila kucheza. Muuzaji akinuna kwa sababu umefungua boksi we nenda duka la pili, yapo mengi.

Wenye injini ya 2ZR, zile Axio na Allion za juu kidogo, yenu ni karatasi tupu inaingia kwenye kikombe, hakikisheni inakuja na oringi (ule mpira wa duara wa kuziba) mpya na fundi anaifunga kweli, wengine wanairudisha ya zamani halafu mwezi mzima unafuta oili sakafuni.

Kwenye kufunga hizi za 1NZ, paka oili mpya kwenye raba, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Na kabla ya hapo pitisha kidole pale injini ilipokalia filta ya zamani, raba yake huwa inabaki imeganda, ukifunga juu yake oili yote inamwagika ukiwa barabarani.