Kipima utando kwa mwanga: kinaona nini, kinadanganya wapi

Mambo vipi jamani, karibuni tena mezani. Leo simu na spika zimepumzika. Hiki mnachokiona ni kipima unene wa utando: boksi lenye taa ya halojeni na spektromita (kifaa kinachopima nguvu ya kila rangi ya mwanga) ndani yake, waya wa faiba, na kichwa kidogo nilichokifunga juu ya mashine ya kuzungushia visahani vya silikoni, ili dawa ya majimaji inayomwagwa juu yake itandazwe kuwa utando mwembamba. Jina la kampuni silitaji, maana nina maneno nayo.

Umeshaona petroli ikielea kwenye dimbwi, rangi rangi kama upinde wa mvua? Ni mambo yaleyale. Mwanga kidogo unarudi kutoka juu ya utando, mwingine unazama hadi chini na kurudi umechelewa. Mawimbi yakikutana, rangi nyingine zinatiana nguvu, nyingine zinafutana. Boksi linasoma vilele na mabonde hayo. Hapa kwenye skrini kuna vilele viwili jirani, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 na 650. Kwa kimiminika chenye fahirisi ya mpindo (namba ya jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga) 1.5, huo ni unene wa mikromita 2.6. Hatujagusa kitu, na dawa bado mbichi!

Haya, tuzungushe. Tazameni namba... zinaruka kama panzi. Msiziamini. Utando ukiwa bado na mikromita 100, vilele vinapishana kwa nanomita 1.2 tu, wakati spektromita hii inatenganisha nanomita 2 hivi. Yenyewe inaona mstari ulionyooka. Tena dawa inakonda mbio, vilele vinahama kabla kipimo kimoja hakijaisha. Nimeshusha muda wa kupokea mwanga hadi milisekunde 5, afadhali. Ngojeni kidogo... eeh, hapo. Ikishuka chini ya mikromita 10 kifaa hiki ni kitamu, acha kabisa.

Sasa lawama. Mwanga haupimi unene mtupu, unapima unene mara fahirisi ya mpindo. Kiyeyushi, yaani majimaji yanayoyeyusha dawa, kikiruka, fahirisi inapanda, tuseme kutoka 1.45 hadi 1.6. Programu yao inakuuliza namba moja mwanzoni, basi. Ukiipa ya utando mkavu, ule mbichi utasomeka mwembamba kwa asilimia 9 hivi, na grafu itapendeza kama kawaida. Hutashtuka hata kidogo.

La pili limenigharimu kisahani. Ninayomwaga hapa ni fotoresisti, dawa ya kuchorea saketi za chipu, na mwanga wa bluu unaiharibu. Taa imekuja bila kichujio! Nilipoosha kisahani cha kwanza, kikabaki na tundu la duara palepale taa ilipomulika. Weka kioo cha chungwa cha kuzuia mwanga wote wa chini ya nanomita 500 kabla hujawasha chochote.

Na wewe uliyeko chuoni, bajeti ya kuungaunga? Chukua leza nyekundu ya nanomita 650 na fotodayodi, kile kihisi mwanga, upime mwanga unaorudi kutoka kwenye utando. Kwa fahirisi 1.45, kila wimbi likipanda na kushuka mara moja, utando umepungua nanomita 224. Haikwambii ulianzia wapi, kwa hiyo rekodi yote, pima utando ukishakauka, halafu hesabu mawimbi kinyumenyume. Inachosha, ila inafanya kazi.

Mimi boksi nabaki nalo. Kioo cha chungwa nimejinunulia mwenyewe.