Barabara Kuu Namba 1 ya California na moteli zake ndogo: tathmini ya safari ya siku tano

Wengi wanaopanga safari ya gari kwenye pwani ya California huanza kwa kuorodhesha mandhari wanayotaka kuiona, kisha mwishoni kabisa ndipo wanapotafuta mahali pa kulala. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo mara ya kwanza, na matokeo yake tukapita sehemu nzuri kuliko zote usiku, mimi nikiwa nimeng'ang'ania usukani kwenye kona zisizokwisha, yeye akinisomea vibao vya barabarani, na bahari ikiwa ni sauti tu huko chini gizani. Tuliporudi Oktoba 2022 tuligeuza utaratibu: tulichagua vitanda kwanza, na vitanda hivyo ndivyo vilivyotuamulia tuone nini na saa ngapi. Tathmini hii inahusu safari hiyo ya pili, kuanzia San Francisco hadi San Luis Obispo, umbali wa takribani kilomita 400 kwa njia ya pwani.

Barabara yenyewe ni ndefu zaidi ya hapo. Huanzia Leggett, kaskazini mwa jimbo, na kuishia Dana Point kusini, jumla ya kilomita zipatazo 1,055, lakini kwa mtu mwenye siku tano kipande hiki cha kati ndicho chenye thamani kubwa. Na upande wa kuelekea una maana. Marekani magari hushika kulia, kwa hiyo anayetoka kaskazini kwenda kusini huwa na bahari upande wake wa kulia, bila njia ya pili katikati, na sehemu za pembeni za kusimama na kupiga picha huziingia na kuzitoka bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Kwa sisi tuliozoea kushika kushoto, jambo hili ni la usalama kuliko uzuri. Ukiwa njiani barabara yenyewe hukuelekeza, ila unapoondoka baada ya kusimama dakika kumi, akili ikiwa bado kwenye mawimbi, mikono hutaka kurudi kwenye upande wa nyumbani.

Kuhusu moteli, inafaa kujua kwamba zina undugu wa asili na eneo hili. Mwaka 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua San Luis Obispo nyumba ya wageni kwa ajili ya wenye magari, katika mji ulio karibu nusu ya njia kati ya Los Angeles na San Francisco, wakati ambapo safari hiyo haikuwezekana kwa siku moja. Kibao hakikutosha maneno yote ya jina lake, hivyo maneno mawili ya Kiingereza, la gari (motor) na la hoteli (hotel), yakafupishwa kuwa moja: motel, yaani moteli. Neno likasambaa duniani, na umbo la jengo likabaki lile lile hadi leo: vyumba vimepangwa kwa safu, kila mlango unafunguka kwenye uwanja wa magari, na gari lako linalala mita tatu kutoka kichwani pako. Asiyependa kupita sebuleni akiburuta mabegi, au anayetaka kutoka alfajiri bila kumwamsha mtu, hatapata mpangilio unaomfaa kuliko huu.

Siku ya kwanza hadi Santa Cruz haikutuchosha wala haikutushangaza sana. Tulipita Half Moon Bay, tukasimama kwenye mnara wa taa wa Pigeon Point, wenye urefu wa mita 35 na ulioanza kuwaongoza mabaharia mwaka 1872, kisha tukalala katika moteli ya kawaida iliyokuwa safi na yenye kelele za barabarani. Sina zaidi la kuisemea, zuri wala baya.

Pacific Grove ndiko tulikokosea, na kosa lilikuwa letu kwa nusu. Tulifika Jumamosi. Katika miji hii ya pwani bei za Ijumaa na Jumamosi hupanda sana, na moteli nyingi hukataa kumpokea mgeni wa usiku mmoja wa mwisho wa wiki. Iliyokubali kutupokea ilikuwa na sababu zake, kama tulivyokuja kuelewa. Kwenye picha za mtandaoni chumba kilionekana kipana na chenye mwanga. Tulichopewa kilitazama ukuta wa jirani, hita yake ilitoa harufu ya vumbi lililoungua, na mlango wake ulikuwa umepakana na mashine ya barafu, ambayo kila nusu saa ilimwaga mzigo wake kama lori la kokoto. Mhudumu wa mapokezi alikuwa mpole, lakini hakuwa na chumba kingine. Tulilipa zaidi ya dola 200, na juu yake ikaongezwa kodi ya wageni, ambayo kila mji hujipangia kiwango chake na ambayo mara nyingi haionekani kwenye bei ya kwanza unayooneshwa. Tangu hapo, ninapoweka nafasi hupiga simu moja kwa moja na kuomba chumba kilicho mbali na mashine hiyo na mbali na barabara. Mtu anayepokea simu mara nyingi ndiye mwenye mali, na huyajua makosa ya kila chumba chake. Mji wenyewe hauna lawama: kuanzia Oktoba vipepeo aina ya monaki hufika kujikinga na majira ya baridi, na tuliwaona kwenye matawi wakiwa wamekunja mabawa kama majani makavu, hadi jua lilipowagusa.

Kutoka hapo hadi San Simeon ni kama kilomita 150, na hiki ndicho kipande kinachoipa barabara hii sifa yake, eneo la milima ya pwani liitwalo Big Sur. Kilifunguliwa mwaka 1937, baada ya miaka mingi ya kazi iliyowatumia pia wafungwa kutoka gereza la San Quentin, na unapoitazama milima ilivyoshuka wima hadi majini unaelewa kwa nini ilichukua muda mrefu. Gari lisilosimama huhitaji karibu saa tatu. Sisi tulitumia saa tisa, na sikuona dakika iliyopotea. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, tangi likiwa limejazwa Monterey, kwa sababu petroli ya Big Sur ni ghali mno na vituo ni vichache, na ramani zikiwa zimepakuliwa kwenye simu, kwa sababu mtandao hupotea mara tu baada ya Carmel na hukaa umepotea kwa saa nyingi.

Daraja la Bixby tulilifikia kabla ya saa mbili na nusu. Lilikamilika mwaka 1932, lina urefu wa mita 218 na kimo cha takribani mita 79 kutoka bondeni, na upinde wake mmoja wa zege umepigwa picha hadi mtu hudhani ameshauona. Hajauona. Ukungu ulikuwa umejaa chini ya daraja lakini haujafika juu, hivyo magari yalionekana kuvuka juu ya pamba. Tulikuwa watu wanne pale. Mara ya kwanza tulifika saa sita mchana tukashindwa hata kupata mahali pa kuegesha, madereva wakipigiana honi. Tofauti yote kati ya ziara hizo mbili ilitokana na mahali tulipolala usiku uliotangulia.

Baada ya Bixby, dereva mwenye gari la kukodi na asiyeijua njia hujikuta akiongoza msafara. Sheria ya California humtaka anayekwenda polepole kwenye barabara ya njia mbili, akiwa na magari matano au zaidi nyuma yake, aingie kwenye sehemu ya pembeni iliyotengwa ili awapishe. Wenyeji wanaokwenda kazini hawaoni kona hizo kuwa utalii. Wapishe mapema, nawe utaendesha kwa amani.

Maporomoko ya maji ya McWay, ndani ya hifadhi ya Julia Pfeiffer Burns, yana kimo cha takribani mita 24 na humwaga maji yake kwenye mchanga wa ghuba ndogo ambayo hairuhusiwi kushukiwa. Ghuba hiyo ya mchanga ni changa kuliko mimi: kabla ya mwaka 1983 maji yalianguka moja kwa moja baharini, hadi ardhi ya jirani ilipoporomoka na mawimbi yakausogeza udongo huo hapo. Nguvu hiyo hiyo iliyoitengeneza ghuba ndiyo inayoikata barabara. Mei 2017 mlima uliporomoka pale Mud Creek na kuifunga njia hadi Julai 2018. Januari 2021 mvua kubwa iliondoa kipande cha barabara pale Rat Creek, kikarudishwa Aprili. Miezi mitatu tu baada ya safari yetu, Januari 2023, ikaja zamu ya Paul's Slide, na mwaka 2024 Regent's Slide, mahali tulipopita tukiwa tunakula machungwa.

Kwa anayepanga, maana yake ni hii: kabla ya kulipa popote angalia hali ya barabara kwenye ramani ya Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo, na chagua moteli zinazokubali kufuta nafasi bila faini hadi siku moja au mbili kabla. Pakifungwa katikati, safari haifi. Unaingia Big Sur kutoka kaskazini kadiri inavyoruhusiwa, unarudi Monterey kulala, kisha unazunguka kwa barabara ya 101 hadi Paso Robles na kukata kwa barabara ya 46, inayokutoa baharini karibu na Cambria. Mpango wa kulala pande zote mbili za Big Sur huhimili hali zote mbili, ya kupitika na ya kutopitika, na ndiyo sababu siungi mkono ushauri wa kulala Big Sur penyewe. Malazi ya huko ni machache, bei yake hufanana na ya hoteli za kifahari, na barabara ikikatika unaweza kulipia chumba usichoweza kukifikia. Najua wapo wanaosema nyota za huko usiku hazina mfano. Nyota tulizipata San Simeon kwa chini ya nusu ya gharama.

Huko San Simeon, karibu na Cambria, ndiko nilikopata moteli niliyotamani zote ziwe kama hiyo. Ilikuwa na ghorofa moja, vyumba kama ishirini hivi, shuka zilizonyooshwa, taulo nene, bafu la zamani lililosuguliwa hadi likang'aa, na viti viwili vya mbao nje ya kila mlango vikielekea majini. Hapakuwa na lifti, bwawa wala mkahawa. Kahawa ilikuwa ya mashine, nyepesi, na kifungua kinywa kilikuwa keki ndogo iliyofungwa kwenye nailoni. Hayo sikuyahesabu kuwa kasoro, kwani moteli iliyojenga viti vinavyotazama bahari imeelewa mgeni wake alikuja kutafuta nini. Tulikaa usiku mbili, Jumapili na Jumatatu, kila usiku kwa chini ya dola 150 kabla ya kodi.

Usiku mbili hapo si anasa. Kilomita chache kaskazini, kwenye ufuko wa Piedras Blancas, sili-tembo, wanyama wakubwa wa baharini, hulala kwa mamia kando kabisa ya maegesho, na hakuna kiingilio. Madume makubwa na kuzaliana huonekana kuanzia Desemba hadi Machi. Oktoba tuliwakuta wachanga, wakisukumana vifua na kurushiana mchanga kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Siku hiyo hiyo mchana tulipanda kwenye jumba la Hearst, tajiri wa magazeti, kazi ya msanifu Julia Morgan iliyoanza mwaka 1919. Ziara yake huhitaji tiketi na basi la kupanda mlima, na kwa maoni yangu vyumba vya jumba hilo huchosha macho mapema kuliko bustani zake.

Morro Bay ilikuwa kituo cha mwisho, kama kilomita 33 kutoka Cambria. Jabali lake la mita 176, ambalo watu hawaruhusiwi kulipanda kwa sababu kipanga wa porini hutaga humo, huonekana kutoka karibu kila uwanja wa moteli mjini, na wakati huo ilionekana vivyo hivyo minara mitatu ya kiwanda cha umeme kilichozimwa, ambayo mke wangu aliipenda na mimi sikuipenda. Moteli zake ni nyingi na za bei nafuu kuliko zote tulizoona, nyingine zikiwa zimechoka kweli. Niliomba kukiona chumba kabla ya kulipa, na hakuna aliyekasirika.

Nikirudia safari hii nitaondoka San Francisco Jumapili asubuhi, ili Pacific Grove iangukie Jumatatu na San Simeon iangukie Jumanne na Jumatano. Usiku wa kwanza nitalala Half Moon Bay badala ya Santa Cruz; au nikiuacha kabisa nitaondoka Jumatatu, na siku itakayobaki nitaiongeza kwenye vile viti viwili vya mbao.