Hema kwa Anayetembea kwa Gongo: Lipi Ununue kwa Kambi ya Peke Yako ya Wiki Nyingi

Muuza mahema atakuambia kwanza hema lake linasimama kwa dakika ngapi. Kwa anayelala usiku mmoja na kuhama, hilo ni jambo kubwa. Kwangu halina uzito. Nyonga yangu ya kushoto haikunji vizuri tangu ajali ya barabarani, natembea kwa gongo, na kila mwaka nakaa porini peke yangu wiki tatu nikitazama ndege. Hema nalisimamisha mara moja tu. Mlangoni ndipo ninapopita asubuhi, kwenda chooni, kurudi, kupika, kukimbia jua la mchana, kisha usiku tena. Kwa uchache ni mara nane kwa siku, na kwa wiki tatu ni mara 168.

Kusimamisha hema unaweza kumlipa kijana wa kambini akusaidie. Saa nane usiku, mvua inanyesha, hakuna wa kumwita.

Nililijua hili milima ya Usambara, juu ya Lushoto, ndani ya hema dogo la kuba la watu wawili, kimo chake katikati sentimita 120. Nilihitaji kutoka usiku. Nilijigeuza ubavu, nikalala kifudifudi, nikavuta magoti. Zipu ikakamata kitambaa. Gongo nilikuwa nimeliacha nje kwa kukosa nafasi, na nilipoliegemea lilichimba kwenye tope. Nilikaa chini pale kwenye mvua kitambo kirefu, nikitafuta namna ya kuinuka. Kuanzia siku hiyo, hema kwangu linapimwa kwa mlango na kitanda.

Kabla ya kwenda dukani, jipime

Kaa kwenye kiti ambacho unainuka bila kusaidiwa. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 45. Hicho ndicho kimo cha kitanda chako. Vitanda vya kukunja vipo vifupi vya sentimita 15 hadi 18, ambavyo wauzaji huvisifu kwa wepesi, na vipo vya kawaida vya 40 hadi 45. Vile vifupi achana navyo. Kuinuka kutoka sentimita 18 ni karibu sawa na kuinuka kutoka chini.

Ukiwa umekaa hapohapo, mtu apime kutoka kwenye kikalio hadi utosini. Mimi ni 84. Jumlisha na 45, ongeza kumi za kuvalia nguo na kofia, unapata karibu 140. Kimo hicho lazima kiwepo pale kitanda kilipo, yaani kando ya ukuta. Hapa wengi hudanganyika. Hema la kuba lililoandikwa 180 lina 180 katikati tu. Ukisogea ukutani kichwa kinagusa kitambaa, na kitambaa cha asubuhi kimejaa unyevu. Tafuta kuta zinazopanda wima.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi, kwa sababu mtu mwenye gongo ni mpana kuliko mabega yake. Ukitumia kiti cha magurudumu, pima magurudumu yako na uongeze nafasi ya vidole. Kizingiti ndicho adui mkubwa. Mahema mengi yana sakafu iliyoinuka kama beseni, sentimita kumi au kumi na tano, ili maji yasiingie. Mguu usioinuka hunasa hapo. Nunua lenye ukingo unaofunguka na kulala chini mlangoni.

La mwisho ni zipu. Ifungue kwa mkono usioshika gongo, mkono huohuo peke yake, mara kumi mfululizo ukiwa dukani. Ikikwama hata mara moja, usiku itakwama.

Nafasi ya kwanza: hema la turubai la kuta wima

Kwa kambi ya wiki mbili na kuendelea mahali pamoja, naliweka juu ya yote. Turubai la pamba linapumua, kwa hiyo huamki umelowa mvuke wa pumzi yako mwenyewe uliogeuka maji kwenye paa. Linastahimili jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua linakula nailoni vibaya. Poliesta huvumilia kidogo zaidi, lakini hema jepesi lililoachwa juani mwezi mzima huanza kudhoofika. Tena turubai lina uzito wa kukataa upepo mdogo usilipigepige usiku kucha.

Uzito huohuo ndio gharama yake. Kodiak Flex-Bow ya Marekani, ya mita tatu kwa tatu hivi, ina kimo cha karibu mita mbili na jumla ya kilo kama 30 pamoja na nguzo na vigingi. Hutalibeba. Litashushwa kwenye gari, litasimamishwa na mtu mwingine huku wewe ukielekeza, na litakaa hapo.

Ila kama uko Afrika Mashariki, kabla ya kuagiza nje, nenda kwa fundi. Arusha wapo wanaoshonea kampuni za utalii, na hema langu nimelishonesha huko. Yule kijana hakuanza na kitambaa. Alivuta kigoda, akasema, "Mama, kaa kwanza." Alitandaza turubai ukutani nyuma yangu, akachora kwa chaki mstari juu ya kichwa changu. Kisha akaniuliza gongo nalishika mkono gani. Nalishika kulia, kwa sababu nyonga mbovu ni ya kushoto. Akaiweka zipu ifungukie upande wa kushoto, akachagua namba 10 yenye meno makubwa, na kwenye kishikio akashonea kitanzi cha mkanda kinachotosha vidole vinne. Kizingiti alikikata, akaweka ulimi wa turubai unaokunjuka nje. Hakuna hema la dukani lililowahi kunipa hivyo vinne kwa pamoja.

Turubai jipya la pamba ambalo halijapakwa plastiki lilowekwe na kukaushwa mara mbili au tatu kabla ya safari. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Ukiruka hatua hiyo, mvua ya kwanza itakudondokea kwenye mishono. Na usilifungashe bichi ukaliacha: kuvu huliharibu ndani ya siku chache.

Nafasi ya pili: hema la kuta za kuvuta

Haya fito zake zimeungwa tayari. Kila ukuta una kitovu katikati chenye mkanda. Unavuta mkanda, ukuta unatoka nje na kukaza, na paa unalisukuma juu. Gazelle T4 ndilo linalojulikana zaidi: kimo cha sentimita 198 hivi, kilo zipatazo 14, kuta karibu wima. Ukihama kila baada ya siku tatu au nne, hili lipande liwe la kwanza na turubai lishuke.

Kuvuta kunahitaji nguvu ya ghafla, na ghafla ndiyo inayomwangusha mwenye nyonga mbaya. Egemea gari kwa upande wa mwili ulio mzima, vuta kwa mkono mmoja. Kitovu cha paa kisukume kwa fimbo yenye kitambaa kichwani, usinyooshe mkono ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kuta, lakini paa litamshinda bila hiyo fimbo.

Ubaya wake ni kwamba likifungwa hubaki na urefu wa sentimita 170 hivi. Kwenye buti la gari dogo haliingii, na kondakta wa basi atalitazama mara mbili. Kwenye upepo mkali, kama ule wa Ziwa Natron, kuta zake hubonyea ndani usipofunga kamba zote.

Nafasi ya tatu: hema la kujaza upepo

Nguzo zake ni mipira ya hewa. Unatandaza, unaweka pampu, linainuka lenyewe. Ukiwa na pampu ya umeme wa volti 12 ya kuchomeka kwenye gari, unaweza kulisimamisha umekaa kitini bila kuvuta wala kusukuma, na hakuna aina nyingine ninayoweza kuisema hivyo. Pampu ya mkono ni kuinama na kuinuka mara nyingi; usikubali kuuziwa hiyo peke yake.

Kwa nini basi ni la tatu? Kwa sababu ya wiki nyingi. Mchana hewa inatanuka, inabidi upunguze kidogo. Alfajiri ya milimani linalegea, inabidi uongeze. Miiba ya migunga haichagui. Valvu ikiharibika mbali na mji, fundi wa baiskeli anaweza kuziba mpira wa ndani, lakini valvu yenyewe hatakuwa nayo. Kwa kambi ya wiki moja karibu na barabara ningelichukua bila kusita.

Nafasi ya nne: hema kubwa la kuba

Ndilo la bei nafuu na ndilo linalopatikana kila mahali, kuanzia maduka makubwa hadi mitumba. Usiangalie "watu wawili" kwa kuwa uko peke yako. Idadi hiyo huhesabiwa watu wakilala bega kwa bega bila mzigo. Mtu mmoja mwenye kitanda cha kimo cha kawaida, kiti na gongo anahitaji la watu sita. Chagua ambalo fito zinashikwa kwa vibanio. Lile la kupitisha fito kwenye mikono ya kitambaa litakuzungusha hema zima ukiwa umeinama. Fito za plastiki yenye nyuzi za kioo (faibaglasi) hupasuka, kwa hiyo beba kipande cha bomba la bati la kuvisha palipovunjika.

Kwa mvua, tazama namba ya milimita iliyoandikwa, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hukihimili kabla ya kuvuja. 1,500 inatosha manyunyu. Masika yanataka 3,000 kwenye paa. Sakafu ninaitaka 5,000, kwa sababu anayejiinua kwa goti au kwa ncha ya gongo anakandamiza sehemu ndogo kwa uzito wote.

Kama ni la mtumba, lifungue na ulinuse. Likinuka kama siki au matapishi na upande wa ndani unanata, kizuia maji kimeoza na hakirudi. Liinue dhidi ya jua uone matundu. Hayo yanazibika. Mnato hauzibiki.

Ninayokushauri uyaache

Hema-kitanda, kama Kamp-Rite, linavutia kwa kuwa limeinuliwa kutoka ardhini. Lakini ni sentimita 28 tu, chini mno kwa nyonga, na ndani hakuna pa kukaa na kuvaa suruali. Usiku mbili sawa, mwezi hapana.

Mahema ya kufyatuka yenyewe, kama 2 Seconds ya Quechua, yanasimama kweli ukiyarusha. Lakini mengi ni ya kutambaa, na kuyakunja kurudi kwenye duara kunahitaji kupiga magoti na kupindisha kiuno.

La juu ya paa la gari ndilo la mwisho kabisa, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu magari mengi ya kukodi ya kujiendesha huja nalo. Ngazi ya mita mbili, gizani, mguu mmoja haukunji, mkono mmoja una tochi. Ukikodi gari, uliza kabla ya kulipa kama watakupa hema la chini badala yake, na usiridhike na jibu la "ngazi ni imara".

Ukishalinunua

Kamba za hema huangusha watu wenye miguu mizima, sembuse sisi. Zifunge vitambaa vyeupe, na upande wa mlango usifunge kamba hata moja: weka dumu la maji la lita 20 mahali pa kigingi. Dumu lililojaa ni kilo 20. Liweke tupu, kisha lijazwe hapohapo, usilibebe limejaa.

Sakafu ya plastiki yenye maji ni barafu kwa ncha ya gongo. Tandika zulia la mpira kutoka mlangoni hadi kitandani; mkeka unateleza juu ya plastiki, kwa hiyo usiuweke hapo. Gongo lilale kitandani upande wa ukuta, lisiachwe nje kamwe.

Kisha lisimamishe uani kwako na ulale humo siku mbili, ya pili uwe umechoka makusudi. Toka usiku ukiwa umewasha tochi ya kichwani tu, urudi, ufunge zipu, ulale. Ukiona unashika ukuta ili uinuke, ongeza kimo cha kitanda kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, kisha jaribu tena usiku wa tatu.