Kampuni mbili za kuhudumia wazee nyumbani hapa Leicester: zote CQC (wakaguzi wa huduma hapa England) imezipa "Nzuri", moja nimeifukuza

Nianze kwa kusema mimi mwenyewe nimeosha wazee hapa Uingereza miaka sita kabla sijahamia kwenye kazi ya ghala, kwa hiyo msidhani analalamika mtu asiyeijua zamu ya asubuhi. Naijua, kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na baridi lile, basi halijaja, na mzee wa kwanza anakusubiri amelowa tangu usiku. Ndo maana hii nimeandika ndefu.

Bi mkubwa, yaani mama yangu, ana miaka 74, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia wote ukalala na kumeza kukawa kwa shida. Alipotoka hospitali tukapewa wale watu wa mwanzo wanaokuja hadi wiki sita bure, wanamfundisha mtu kuamka, kula, kujisogeza, na hao jamani sina neno nao kabisa. Kasheshe ilianza wiki ya saba.

Pesa niiseme harakaharaka maana najua mtauliza. Huku England akiba ya mgonjwa ikizidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, chini ya hapo kaunsili (halmashauri ya mji) inasaidia kutegemea na alichonacho, na nyumba anayoishi hawaihesabu kama anahudumiwa humohumo ndani. Halafu kuna Attendance Allowance, posho ya serikali kwa anayehitaji kusaidiwa na aliyefika umri wa pensheni, hiyo haiangalii akiba wala nini, na bado nakutana na watu wetu kibao wenye haki nayo hawajawahi kuiomba eti fomu ni ndefu. Ni ndefu kweli, jazeni hivyohivyo.

Kampuni ya kwanza tuliletewa na kaunsili, siitaji jina. Mara nne kwa siku, asubuhi dakika 45, mchana, jioni na usiku nusu saa nusu saa. Nikaingia CQC kuangalia, nikakuta wamepewa "Nzuri", nikatulia roho. Kosa langu sikuangalia tarehe ya ripoti, nilikuja kuiona baadaye, ilikuwa na karibu miaka minne! Miaka minne kwenye kampuni ya makea (wahudumu wa wazee) ni kama mia, meneja kashaondoka, makea wote wapya, kilichobaki ni jina na ile karatasi ya "Nzuri" ambayo sheria inawalazimisha kuionyesha.

Sasa siku moja Jumatano nikarudi mapema, kichwa kinaniuma, nikapanda juu kulala. Kea wa mchana akaingia saa sita na dakika arobaini, nikamsikia kettle, nikasikia mlango wa friji, halafu saa sita na dakika hamsini na moja mlango wa mbele ukafungwa, dakika kumi na moja. Nikashuka, bi mkubwa yuko kwenye kiti vilevile, pampas haijabadilishwa, kikombe cha chai kiko upande wa kulia, yaani upande wa mkono usiofanya kazi. Nikafungua apu yao wanayoandikia kila wakija, nikasoma: "Amekula tosti na chai, ana furaha, hakuna tatizo. Dakika 30." Tosti! Nyumba ile mkate ulikuwa haujaingia tangu Jumapili maana mkate mkavu unamkaba, hali kabisa. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu, siku kumi na sita mfululizo sentensi ileile, nukta palepale, wamekopi na kupesti.

Na hiyo chai ndo ilinimaliza zaidi. Mtaalamu wa kumeza alishaandika kwamba kila kinywaji chake kiwekwe ule unga wa kukifanya kizito, kiwango cha 2 kwenye kile kipimo chao kinachoanzia 0 hadi 7, na maelekezo nilibandika mwenyewe kwenye friji kwa maandishi makubwa kama ya duka la nguo. Chai nyepesi kwa mtu wa kiharusi inakimbilia njia ya hewa, ikitua kwenye mapafu ni nimonia hiyo. Kikombe kile kilikuwa chai ya kawaida tu. Wiki iliyotangulia alikohoa mpaka macho yakawa mekundu na mimi nilidhani mafua.

Ila simsemi yule dada aliyekuja. Nilimsubiri kesho yake, nikamuuliza taratibu, akaniambia dada yangu leo nina watu kumi na tisa. Wanamlipa dakika alizo ndani ya nyumba tu, mwendo wa kutoka kwa mzee huyu hadi kwa yule ni wa kwake na petroli ya kwake, wakati sheria inasema muda wa kwenda kutoka kwa mteja hadi kwa mteja unahesabiwa wanapopiga hesabu ya kima cha chini. Isitoshe alikuja kwa ile viza ya kazi ya ukea iliyofunguliwa Februari 2022, ambayo kwa watu wapya wa nje wameshaifunga tangu Julai 2025. Mtu karatasi zake ziko mkononi mwa bosi, atathubutu kusema rota hii, yaani ratiba ya zamu, haiwezekani? Ndani ya wiki tano nilihesabu sura ishirini na tatu tofauti zilizomvua nguo mama yangu. Ishirini na tatu. Bi mkubwa alifika mahali akisikia kengele anafumba macho.

Kulalamika nako nilizunguka. Nikapiga simu CQC nikidhani watakuja kama polisi, kumbe wao taarifa wanapokea na inawasaidia kwenye ukaguzi, lakini kesi ya mtu mmoja mmoja hawaamui. Unaanza na kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha kaunsili, wakikukwamisha unakwenda kwa ombudsman, yule msuluhishi huru wa malalamiko ya kaunsili na huduma za jamii. Kampuni ilinijibu "tutalifanyia kazi". Nikamtumia soshowoka (afisa ustawi wa jamii) picha za apu, kikombe, na saa za mlangoni, akaniuliza una uhakika na tosti? Nikamwambia njoo ufungue kabati. Wiki tatu tukawa tumehama.

Kampuni ya pili nayo ina "Nzuri", hebu tizama. Tofauti ripoti yake ilikuwa ya miezi michache, na safari hii nikaisoma yote, sio ile rangi ya kijani tu. Wakaguzi wanaangalia mambo matano, usalama, ufanisi, utu, kuitikia mahitaji ya mtu na uongozi, na humo ndani ndo unaona walisema nini kuhusu dawa na kuchelewa. Kisha nikamwita meneja nyumbani na mimi ndo nikamhoji. Nilimuuliza sura ngapi kwa wiki, akasema nne, tano wakati wa likizo. Nikamuuliza mnalipa mwendo? Akanitajia kiasi bila kujikunakuna. Nikamuuliza kea asipotokea ndani ya dakika ishirini nani anajua kwanza, mimi au nyie? Hapo wengi ndo wanaanguka, yeye akanionyesha kwenye simu yake jinsi inavyolia.

Lakini kilichonishinda nikasaini ni kwamba alipoingia hakuja kwangu, alivuta kiti akakaa upande wa kushoto wa bi mkubwa ambako anaona vizuri, akamuuliza yeye apende kuitwa nani, achelewe kulala au awahi, anaoshwa na mwanamke tu au haijalishi. Mama anaongea taratibu sana sasa hivi, neno moja mpaka chai inapoa, na yule mama wa watu alisubiri. Akauliza na chooni inakuwaje, nikamweleza sisi ni maji, karatasi peke yake kwetu mtu hajasafishwa bado. Nikiangalia mpango wa huduma ulioandikwa nakuta: "Kopo la bluu pembeni ya sinki, maji ya vuguvugu, kila mara." Nimefanya kazi hii miaka sita sijawahi kuona kopo limeandikwa kwenye mpango.

Kwenye kazi yenyewe sasa. Winchi ya kumnyanyulia inataka watu wawili, ile kampuni ya kwanza alikuwa anakuja mmoja anajilazimisha, hawa wanakuja wawili na akitangulia mmoja anamsubiri mwenzie kwenye gari. Ule unga wa kufanya chai nzito unapimwa kwa kijiko chake. Apu wameniandikia ruhusa nami nasoma kila kitu nikiwa ghalani, na yaliyoandikwa yanafanana na maisha: "Leo uji kala nusu, analalamika bega, nimempigia binti." Ule mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya huduma za afya, unaosema kila ziara isipungue nusu saa, ila kama kea anamjua mtu na kazi ni ndogo inayoeleweka, hawa kweli wanaufuata. Kea wa asubuhi ni mdada wa Zimbabwe, anaingia na "shikamoo mama" aliyofundishwa na mama mwenyewe, na asiposikia marahaba hatoki mlangoni.

Kuna waliosema, pamoja na kaka yangu wa Tanga, kwamba ni aibu kuleta watu baki wamwoshe mzazi. Kaka, nina mgongo mmoja, na ukitaka zamu ya usiku karibu, sofa lipo.

Nyota nimewapa nne, sio tano. Jumapili ni tatizo sugu, mara tatu mwezi uliopita zamu ya asubuhi imechelewa karibu saa nzima, na dawa ya presha haiwezi kungoja foleni. Ukipiga simu ofisini baada ya saa kumi na moja jioni unapokelewa na mtu wa zamu ambaye hamjui bi mkubwa ni nani, unaanza hadithi upya. Rota inatumwa Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi imeshabadilika. Nimewaandikia, meneja amenijibu kwamba kuanzia mwezi ujao Jumapili zetu anampa yule mdada wa Zimbabwe na mwenzie wa kudumu. Jumapili ya kwanza ikipita nitakuja hapahapa kuwaambia mlango uligongwa saa ngapi.